Ukuta Uliofunga Njia ya Harusi

Féilim alikuwa mwashi hodari, lakini majira yale ya baridi alikuwa na haraka ya mapenzi, na mtu wa namna hiyo usimwache peke yake na msingi wa nyumba. Kwetu, asiyefunga ndoa kabla ya Kwaresima ndiyo basi tena, angoje mwaka. Na Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, akielekea misani, vijana watamnyemelea wamchore chaki mgongoni, parokia nzima ipate kucheka. Hilo la chaki Féilim angelimeza. Asichoweza kukimeza ni maneno ya baba yake Onóra, kwamba binti yake haolewi na mtu asiye na paa lake mwenyewe. Paa likichelewa, alisema mzee yule, kuna mgane ng'ambo ya ziwa, ana ng'ombe wengi na meno machache, anangoja kuitwa tu.

Kwa hiyo nyumba ikajengwa mbio mbio. Mama yake Féilim, Nábla, alimpa mwanawe kiwanja chini ya kilima, pale ambapo juu yake kuna boma la kale la mviringo lililozungukwa na miti ya miiba. Sasa, kwetu hakuna anayejenga bila kuuliza. Jioni unasimamisha mawe manne, moja katika kila pembe ya kiwanja, halafu unakwenda kulala. Asubuhi ukiyakuta yamesimama, jenga kwa amani. Ukikuta hata moja limelala chini, kusanya kamba zako uhamie kwingine, maana hapo ni njia ya Watu Wema. Ndivyo tunavyowaita wale wasioonekana wanaoishi ndani ya maboma ya kale, na msiniulize kama ni wema kweli, kwa sababu wana masikio na mimi bado naipenda afya yangu.

Féilim alisimamisha mawe yake. Asubuhi akapita nyumba kwa nyumba akisema yote yamesimama wima, njooni tujenge. Majirani wakaja, wengine na mawe, wengine na nyasi za kuezekea, wengine na midomo tu. Ndoa ikafungwa siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu, na yule mgane akatuma salamu za pongezi zilizojaa uchungu.

Wacha niseme wazi: Onóra alimpenda mume wake mpaka watu wakaona aibu kwa niaba yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka kijiji cha pili, na kila asubuhi majirani walisikia wanavyotaniana.

"Wewe mwanamume, umekoroma mpaka kuku wamekimbia."

"Si mimi, ni uji wako ulikuwa unanguruma tumboni."

"Basi kesho usile!"

"Nitakula. Nimeshazoea mateso."

Jambo moja tu lilimsumbua Onóra. Jioni, hata pasipokuwa na upepo, sahani zililia rafuni na moshi ukarudi ndani, kama mtu anausukuma kwa mkono. Akimuuliza mumewe, Féilim alikuwa na kazi ya ghafla nje. Onóra akajitia hamnazo. Alikuwa na furaha mno kuanza kuchimba mambo.

Basi ikafika siku ya mwisho ya Aprili. Miti ya miiba pale bomani ilichanua yote kwa mpigo, kilima kikawa cheupe. Alasiri Féilim alipanda kumrudisha ng'ombe. Ng'ombe alirudi peke yake. Nyuma yake, baada ya kitambo, akaja Féilim, polepole, akapita mlangoni bila kusema neno, akajilaza kitandani uso ukielekea ukuta.

Aliyerudi alikuwa na sura ya Féilim, koti la Féilim, hata kovu la Féilim kwenye kidole gumba. Lakini mwili wake ulikuwa wa baridi. Alikula sufuria nzima ya viazi akaomba nyingine. Onóra akamtania kwamba leo mateso yamemnogea. Mtu yule akageuka, akamtazama kwa upole, akasema, "Ahsante, binti."

Féilim hajawahi kumwita binti. Onóra akasimama na mwiko mkononi, akajua kwamba huyu si mume wake.

Kesho yake Nábla alikuja na mtindi. Alikuwa mfupi, mkali, ametembea na kisirani maisha yake yote na hakioni kizito. Alimwinamia mgonjwa, akamnusa shingoni kama anavyonusa mama, kisha akaketi sakafuni akalia. "Huyu si mwanangu," alisema. "Wamemchukua. Wamemchukua mwanangu wakaniwekea hiki." Akainuka na machozi yake, akaenda moja kwa moja kwa Mánas mhunzi, kwa sababu chuma ndicho kitu ambacho Watu Wema hawakipendi.

Hata chai haijachemka, Mánas alikuwa uani na kundi la majirani. Alikuwa ameshika beleshi kubwa la chuma, na mtu mwingine alikuwa anawasha moto wa mboji, ule udongo wa kinamasi tunaoukausha kwa kuni.

"Onóra, toka hapo mlangoni," alisema. Hakuwa mtu mbaya, Mánas. Alikuwa na woga tu, na mkono mnene. "Tunamweka juu ya beleshi la moto. Akipiga kelele, wenzake watakuja mbio kumchukua, na watatuachia wetu."

"Na wasipokuja?"

"Watakuja."

"Nimekuuliza, Mánas. Na wasipokuja?"

Mánas akatazama beleshi lake.

"Kwa hiyo unataka kumchoma mgonjwa kitandani kwangu kwa kubahatisha," alisema Onóra. Sasa sauti ile ya kuita mbuzi ilikuwa imeamka. "Sikilizeni nyote. Mimi sijui huyu ni nani. Ninachojua amekula viazi vyangu na amelala kwenye blanketi langu, basi ni mgeni wangu. Nani hapa amewahi kusikia mgeni anachomwa na mwenye nyumba? Marehemu mama yangu angefufuka anizabe kofi!"

"Na mwanangu je?" Nábla alilia kutoka nyuma. "Wewe unalinda mgeni, mwanangu analindwa na nani?"

Hilo lilimpata Onóra pale pale penye kidonda. Alishuka kizingitini, akamshika mama mkwe wake mabega. "Mama, mwanao ni mume wangu. Unadhani nimefumba jicho? Lakini fikiri. Wao wana wetu, sisi tuna wao. Tukimchoma huyu, Féilim watamfanya nini huko?"

Jirani mmoja akakohoa, mwingine akakumbuka kwamba ana ndama mgonjwa. Mánas aliondoka wa mwisho, akinung'unika kwamba wanawake wa siku hizi hawashauriki.

Onóra akafunga mlango. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya kitanda.

"Haya, tuongee. Wewe nani?"

Mtu yule akageuka. Kadiri alivyomtazama, ndivyo sura ya Féilim ilivyomtoka, akabaki mzee mwembamba mwenye masikio makubwa na macho yenye haya. "Mzee tu," alisema. "Kwetu, wazee tusio na kazi ndio tunaotumwa kushika nafasi za watu. Si kazi nzuri. Hujanichoma."

"Sijakuchoma bado. Kwa nini mmemchukua mume wangu?"

"Kwa sababu amechukua njia yetu." Mzee akagonga ukuta wa nyuma kwa kifundo cha kidole. "Inatoka bomani, inapita hapa, inakwenda mpaka boma la pwani. Binti wa nyumba yetu ameposwa huko pwani. Njia ya harusi hufunguka maua ya miiba yakichanua. Jana alishuka na msafara wake wote, nguo mpya, wapiga filimbi mbele, akakuta ukuta. Sasa amekaa pale juu analia, na bwana harusi anangoja upande wa pili."

"Si mngezunguka!"

"Wewe ungekwenda kuolewa kwa kupitia zizini?"

"Basi mngesema."

"Tulisema, binti. Tuliangusha jiwe la pembeni. Alfajiri mumeo akaja, akaliona, akaliinua. Tukaliangusha tena mbele ya macho yake. Akatazama huku na huku kama kuna anayemwona, akaliinua tena."

"Aliniambia yote yalikuwa yamesimama."

"Yalikuwa yamesimama," alisema mzee kwa huzuni. "Yeye ndiye aliyeyasimamisha."

Onóra alitoka nje bila kuchukua shali. Alipanda nusu ya kilima, akasimama kwenye majani yenye maji, akamtukana mume wake kwa sauti yake yote. Mwongo! Bahili wa ukweli! Alimtukana mpaka kondoo wakasogea mbali, kisha akamlilia. Kilichomuuma hakikuwa lile jiwe. Kama Féilim angemjia asubuhi ile akasema, Onóra, jiwe limeanguka, tukihama tumechelewa na baba yako atakupeleka kwa mgane, yeye mwenyewe angesema jenga, liwalo na liwe. Angeubeba uongo ule pamoja naye. Lakini hakuulizwa. Alipewa nyumba na furaha kama mtoto anavyopewa andazi, na bei akafichwa.

Upepo ukavuma kutoka baharini. Vipetali vichache vya maua ya miiba vikapita mbele ya uso wake, vikaanguka majanini.

Alirudi ndani mbio. "Maua yakiisha inakuwaje?"

"Njia inafungwa mpaka Novemba," alisema mzee. "Na hakuna mtu wenu anayefika Novemba kwetu bila kula. Akila, harudi."

"Hajala?"

"Tulipopishana pale bomani walikuwa wanamsogezea sahani. Nyama, asali, kila kitu. Alikuwa anasema hapana, mke wake anapika vibaya sana lakini amemzoea."

Onóra alicheka, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi na kamasi, akajifuta na mkono wa gauni. Kisha akaenda kwenye kona alikoweka Féilim zana zake, akachukua mtaimbo.

Mlango wa nyumba ulitazama pwani. Ukuta wa nyuma, ule ulioegemewa na kitanda, ulitazama bomani. Mzee alisema hawezi kusimama, chuma kinamlegeza magoti, basi Onóra akakivuta kitanda na mzee juu yake mpaka karibu na moto. Akatema mate viganjani, akapiga pigo la kwanza. Ukuta haukushtuka hata kidogo. Mwanamume yule alikuwa mwongo, lakini kujenga alijua.

Kelele ndizo zilizomleta Nábla. Alikuta mkwe wake amejaa vumbi, jiwe moja limetoka na jua linaingia ndani kwa tundu.

"Akili zimekuruka? Unaibomoa nyumba ya mwanangu?"

"Mwanao amejenga juu ya njia yao, Mama. Jiwe lilianguka mara mbili, akaliinua mara mbili, akatudanganya sote. Natoboa mlango wa pili wapite, na wakipita watamrudisha."

Nábla akamtazama mzee kitandani. Mzee akaitikia kwa kichwa, akivuta blanketi mpaka kidevuni kwa kumwogopa.

"Mshenzi yule!" Nábla alifoka. "Ndivyo alivyokuwa tangu anatambaa! Anavunja bakuli, anasema paka. Hatukuwa na paka!" Akavua shali yake, akakunja mikono ya gauni. "Nipe hiyo nyundo. Na usipige katikati, mwanangu, utatuangushia paa. Anza juu, chini ya boriti."

Walifanya kazi mfululizo. Alasiri Mánas alikuja kuona kelele ni za nini, akasimama mlangoni amekodoa macho. Onóra alimweleza bila kuacha kupiga. Mhunzi akakuna kichwa, akaondoka, na wote wawili wakadhani amewapa kisogo. Alirudi na gogo zito begani, akalitia chini ya boriti ili paa lisishuke, kisha akachukua lile beleshi lake akaanza kuzoa kifusi. Hakuna aliyetaja habari za asubuhi. Kila baada ya muda Onóra alichungulia kilimani. Weupe ulikuwa unapungua, na kila upepo ukipita moyo wake ulishuka nao.

Jiwe la mwisho la chini lilitoka jua likiwa bado liko juu ya bahari. Pale palipokuwa na ukuta palikuwa na uwazi wa kupita farasi. Mánas na Nábla wakatoka, wakaenda kusimama nyuma ya zizi na kuupa mlango migongo, maana harusi ile si ya kukodolewa macho. Onóra hakutoka. Alifagia sakafu. Aliweka bakuli la maziwa kizingitini, kwa sababu watu wanaopita nyumbani kwako wakienda harusini huwaachi wapite mikono mitupu. Kisha akabana ukutani akangoja.

Kwanza ilikuja filimbi, mbali, halafu karibu. Halafu kwato juu ya sakafu yake. Walikuwa watu kama sisi, wafupi kidogo, nadhifu kuliko sisi, na hakuna aliyemtazama. Walipita wapiga filimbi, wakapita wazee, wakapita wanawake wenye majora ya kitambaa mikononi. Yule mzee akashuka kitandani, akanyoosha koti, akamwinamia Onóra, akaingia katikati yao kwa miguu iliyopona ghafla. Akaja bibi harusi juu ya farasi mdogo wa kijivu. Alikuwa mzuri, hilo halina ubishi, lakini macho yalikuwa yamevimba kwa kulia, na Onóra akamhurumia kwa dhati.

Nyuma kabisa, amebebeshwa sanduku, alikuja Féilim. Alikuwa anatazama mbele kama mtu anayetembea usingizini. Onóra akaruka, akamshika mkono. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Bibi harusi akageuza farasi. Msafara mzima ukasimama, wengine ndani, wengine nje, filimbi kimya.

"Huyo ni wako?" aliuliza.

"Ni wangu."

"Alikudanganya."

"Najua."

"Alilitazama jiwe langu mara mbili. Alifunga harusi yangu ili apate yake. Kwetu, mwanamume akianza ndoa kwa uongo, mke anaulizwa upya kama anamtaka, na jibu lake ndilo la mwisho." Bibi harusi akainama kidogo. "Bado unamtaka? Sema kweli. Umenifungulia njia, nakuheshimu, lakini ukinijibu kwa adabu tu nitajua, na nitakwenda naye."

Onóra alifungua mdomo kusema kwamba amekwisha msamehe. Ndivyo anavyopaswa kusema mke mwema mbele ya watu. Neno likafika kwenye ulimi likagoma. Sanduku lilitikisika mikononi mwa Féilim, na Onóra akaelewa kwamba anasikia kila kitu, ila hawezi kusema.

"Sijamsamehe," alisema.

Mtu mmoja katika msafara akavuta pumzi.

"Sijamsamehe hata kidogo! Nina hasira naye mpaka meno yananiuma. Nitamgombeza leo, nitamgombeza kesho, na tukizeeka nitamsema mbele ya wajukuu wake mpaka ajute kuzaliwa na masikio." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyajali. "Lakini nitamgombezaje kama hayupo? Leo nimekaa na hasira yangu na sina wa kumpa. Nampenda mwanamume huyu. Nyumba hii bila yeye ni rundo la mawe, mnaweza kuichukua yote. Nataka nimgombeze mimi mwenyewe, uso kwa uso, mpaka nife. Nipe mume wangu."

Bibi harusi akacheka, kicheko cha mtu aliyelia siku nzima, akajifuta macho kwa ncha ya shela yake.

"Na mimi kuna wangu ananingoja pwani," alisema. "Nina mengi ya kumwambia kuhusu kukaa kule bila kuja kuniuliza nimekwama wapi." Akapiga farasi kisigino. Filimbi zikalia tena, msafara ukamiminika kupitia mlango wa mbele, ukateremka kuelekea baharini, na sanduku likatoweka mikononi mwa Féilim kama halikuwahi kuwepo.

Mkono aliokuwa ameshika Onóra ulianza kupata joto, kwanza vidole, kisha kiganja. Féilim akapepesa macho. Akatazama moto, akatazama kitanda kilichohama, akatazama uwazi mkubwa na kilima nje yake.

"Nani amebomoa ukuta wangu?" aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Mimi."

Akamgeukia mke wake, vumbi kichwani, malengelenge viganjani, na uso wote ukamsawijika. "Onóra, lile jiwe..."

"Keti chini, Féilim," alisema Onóra. "Leo husemi, leo unasikiliza."

Féilim akaketi. Onóra akaketi kando yake, akaanza tangu lile jiwe lilipoanguka mara ya kwanza. Nyuma ya zizi Nábla aliisikia sauti ile, akamshika Mánas koti, akalia kwa furaha. Onóra alimgombeza mume wake mpaka jua likazama, na muda wote huo hakumwachia mkono.